Mashine inayosahihisha hesabu iwape watoto pointi za njia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa shule za Lubumbashi, pamoja na walimu wenzangu wa matematiki, juu ya kazi za nyumbani ambazo siku hizi watoto wanazifanya kwenye simu au kompyuta na kusahihishwa na mashine. Shule kadhaa za watu binafsi hapa mjini zimeshaingia katika mtindo huu, na nyingine zinajiandaa. Mimi siupingi. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini hawezi kubeba daftari sitini nyumbani kila jioni, na zoezi lisilosahihishwa linamsaidia mtoto kidogo sana. Ninachokipinga ni namna mashine hizi zilivyopangwa kutoa pointi. Jibu la mwisho likilingana na lile lililowekwa ndani, mtoto anazoa zote. Likitofautiana hata kwa alama moja ya kutoa, anapata sifuri. Katikati hakuna kitu. Hesabu haifundishwi hivyo, na mwalimu yeyote anayeshika biki nyekundu kwa haki hasahihishi hivyo.

Asubuhi nafundisha shule ya sekondari huku Katuba. Jioni nazunguka majumbani, Kamalondo hadi Bel-Air, kuwasaidia watoto wa watu kazi zao za shule. Kwa hiyo naona pande zote mbili: naona kile mashine inachomwonyesha mzazi kwenye simu, na naona karatasi ya bruyon ambayo mtoto alikokotolea kabla ya kuandika jibu. Mashine haioni karatasi hiyo.

Nitoe mfano mmoja kwa ukamilifu, maana bila kuiangalia hesabu yenyewe hatutaelewana. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza wa humanite, yaani ngazi ya juu ya sekondari, alipewa mlinganyo 2x² − 5x − 3 = 0. Chini yake palikuwa na visanduku vya kujaza: cha delta (namba inayokokotolewa kwanza ili kupata majibu), cha jibu la kwanza, cha jibu la pili. Kwenye bruyon yake aliandika kanuni bila kosa, delta ni b² − 4ac. Akaweka kila namba mahali pake: a ni 2, b ni −5, c ni −3. Alipofika kwenye kuzidisha, ile alama ya kutoa iliyo mbele ya 3 ikamponyoka, akaandika 25 − 24, delta ikawa 1. Ilitakiwa iwe 25 + 24, yaani 49. Kuanzia hapo hakukosea tena popote. Alitafuta kipeuo cha pili cha delta yake, akajumlisha, akatoa, akagawa kwa 4, akapata 3/2 na 1. Majibu yenyewe ni 3 na −1/2. Mashine ikampa sifuri juu ya nne.

Ningesahihisha mimi, binti huyu angeondoka na tatu juu ya nne. Anaijua kanuni, hiyo ni pointi yake. Thamani ya delta si sahihi, hapo anapoteza pointi moja. Majibu mawili yanatoka kihalali kwenye delta aliyoipata, na pointi zake mbili anastahili. Kosa ni moja na analilipia mara moja. Tena mwalimu anayeangalia vizuri ataona jambo la ziada: huyu mtoto amesuluhisha kwa usahihi kabisa mlinganyo mwingine, 2x² − 5x + 3 = 0. Ukiliona hilo unajua papo hapo umwambie nini. Humrudishii somo zima la milinganyo. Unamwambia: mama, angalia alama ya c, halafu chukua jibu lako uliweke kwenye mlinganyo uone kama inatoka sifuri. Alipoweka 1 mahali pa x alipata −6, akalijua kosa lake mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Lakini kabla sijafika, alikuwa ameshaamua kwamba hajui milinganyo ya degre ya pili. Ndivyo sifuri inavyomwambia mtoto. Na katika darasa lake, mwenzake ambaye hakufungua kabisa zoezi lile ana sifuri hiyo hiyo. Aliyekaa mezani saa nzima na aliyelala wako mstari mmoja, na mwalimu akitazama orodha asubuhi hawezi kuwatofautisha. Hilo linanichoma kuliko yote. Mashine ilinunuliwa ili imsaidie mwalimu kujua nani amekwama wapi, na habari anayoihitaji zaidi ndiyo inayofutwa.

Wenzangu wengi wakisikia haya wanajibu kwamba mashine ni mashine, haina akili ya kufuata mawazo ya mtoto. Hapo naomba tusikubaliane haraka. Kumwuliza mtoto delta peke yake kabla ya majibu tayari ni hatua nzuri, na aliyelipanga swali lile alifanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuiambia mashine: usilinganishe majibu ya mtoto na 3 na −1/2 peke yake, chukua delta aliyoiandika yeye, ikokotoe mpaka mwisho, kisha uangalie kama majibu yake yanatoka humo. Kwa kompyuta, kukokotoa hivyo hakuchukui hata sekunde. Kinachotakiwa ni mtu wa kuiagiza.

Na programu zinazokubali agizo hilo zipo zamani. Kuna STACK, iliyoanzishwa na Chris Sangwin alipokuwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 2000. Ndani yake kuna programu nyingine iitwayo Maxima, inayojua kukokotoa kwa herufi kama mwalimu wa aljebra. Anayetunga swali anapanga mti: jibu likiwa hivi, toa pointi zote; kama sivyo, angalia kama mtoto amefanya kosa hili linalojulikana, mpe pointi hizi na umwambie maneno haya; kama sivyo, shuka tawi linalofuata. Mtoto aliyeulizwa derive ya (3x² + 1)⁵ akajibu 5(3x² + 1)⁴ amesahau kuzidisha kwa 6x, derive ya kile kilichomo ndani ya mabano. Kila mwalimu wa matematiki duniani amekutana na kosa hilo. Mti unaweza kulitambua, ukampa nusu ya pointi na kumwambia arudi ndani ya mabano. STACK inaunganishwa na Moodle, programu ya kuendeshea masomo na mazoezi kwenye kompyuta, na zote mbili ni za bure. Chuo Kikuu cha Maseno, hapo Kenya, kimeshafundisha hesabu kwa kuitumia, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ni mambo ya Ulaya tu.

Kuna nyingine, WeBWorK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, katika miaka ya 1990. Humo mtunga swali anachagua mwenyewe namna ya kusahihisha: swali lenye visanduku vinne litoe pointi kwa kila kisanduku kilichojazwa vizuri, au lisitoe kitu mpaka vyote vinne viwe sahihi. Ni mstari mmoja tu katika maandishi ya swali. Nayasema haya ili prefe, yaani mkuu wa shule, na mwalimu waelewe kwamba sifuri ya yule binti haikutoka kwenye asili ya kompyuta. Kuna mtu aliyechagua, au aliyeacha mambo kama alivyoyakuta.

Sasa niseme kuhusu mkato, jambo ambalo kwa wageni ni dogo na kwetu linakula pointi kila wiki. Watoto wetu wanafundishwa kwa Kifaransa, wanaandika nusu kuwa 0,5, kwa mkato. Mashine iliyotengenezwa kwa watu wanaosoma kwa Kiingereza inangoja 0.5, kwa nukta. Na katika programu kadhaa mkato una kazi nyingine, unatenganisha majibu. Mtoto akiandika 3,5 mashine inasoma majibu mawili, 3 na 5, na kuyakataa yote. Mtoto anajua hesabu, ameandika jibu kama vitabu vyake vinavyoandika, naye anapata sifuri. Nimeona mvulana akirudia hesabu ileile ukurasa mzima akitafuta kosa ambalo halikuwepo. Hili halihitaji hata mjadala wa pointi za njia. Aliyeleta programu aipange isome mkato, au kabla ya kuhesabu pointi imwonyeshe mtoto jinsi ilivyosoma jibu lake na kumwuliza kama ndivyo alivyokusudia. STACK inafanya hivyo: inaliandika upya jibu la mtoto mbele yake, na isipoelewa maandishi haimkati kitu.

Kuhusu kukatwa kwa kujaribu tena. Programu nyingi zinamruhusu mtoto kurudia swali, lakini kila akikosa zinapunguza. Moodle, kama hukubadili kitu, inakata theluthi moja kwa kila jaribio lililokosewa. Mtoto wa kwetu anafanya kazi kwenye simu ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka, anaandika sehemu na vipeo kwa kidole, umeme umekatika na betri inakwisha. Majaribio mawili ya kwanza anayapoteza kwenye kibonyezo. Akija kupata jibu, imebaki theluthi. Sisemi kupunguza kufutwe kabisa. Mtoto akijua anaweza kubahatisha mara kumi bila hasara, atabahatisha mara kumi. Lakini ipunguzwe sehemu ya kumi, kama STACK inavyofanya bila kuambiwa, na mtu akosolewe kwa hesabu yake, kidole chake kisihesabiwe.

Nimeshasema mengi kuwatetea watoto. Haki hiyo hiyo inanilazimisha kusema wapi pointi zisitolewe. Mtoto akiulizwa kuandika 2x² − 5x − 3 kama zao la mabano mawili, jibu ni (2x + 1)(x − 3). Kuna programu zinazoangalia tu kama jibu la mtoto lina thamani sawa na la mwalimu. Watoto wajanja wameshaligundua: wanaliandika swali lenyewe kama lilivyo kwenye kisanduku cha jibu, na mashine inaona thamani ni moja, inawapa pointi zote. Hapo hata pointi moja ni nyingi, kwa sababu mtoto hajafanya kitu. Mashine lazima iambiwe iangalie umbo pamoja na thamani. Vivyo hivyo kwenye maswali ya kuchagua majibu kadhaa. Kama kila jibu zuri linaleta pointi na jibu baya halipunguzi, mtoto anaweka alama kwenye yote na kupata zote. Jibu baya lipunguze, lakini lisimpeleke chini ya sifuri.

Pointi ya njia nataka itolewe kwa njia. Mtoto awe ameonyesha hatua inayoelekea kwenye jibu, hata kama hakufika. Kumpa pointi kwa sababu ameandika kitu chochote ni kumdanganya, na ataujua udanganyifu huo siku atakaposimama ubaoni.

Prefe mmoja ninayemheshimu aliniambia: mwalimu, Exetat haitoi nusu. Ni kweli. Mtihani wa matematiki wa Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ni maswali ya kuchagua jibu, karatasi inasomwa na mashine, na hakuna mtu atakayeuliza bruyon yako ilikuwaje. Ndiyo maana, aliniambia, tuwazoeze mapema. Nimeifikiria hoja yake kwa muda mrefu na bado naiona imekaa upande usio wake. Mtihani unapima mtoto akiwa amemaliza kujifunza. Kazi ya nyumbani anaifanya akiwa bado anajifunza, jambo la leo limeingia leo asubuhi. Ukimpima kila jioni kwa kipimo cha siku ya mwisho, anaacha kujifunza hatua na kuanza kuwinda majibu. Nawaona finaliste wangu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho: mlinganyo wenye majibu matano ya kuchagua hawausuluhishi, wanachukua jibu moja moja na kuliweka mahali pa x. Kwa mlinganyo inawezekana. Wakifika kwenye limiti au kwenye kuchunguza fonksiyo wanakwama, halafu wanaweka alama popote na kumwachia Mungu. Wakiingia chuo kikuu, profesa anawaomba waonyeshe hatua, na hawana.

Tena angalia nani hasa anaumia. Mtoto mwenye nguvu katika hesabu anapata jibu sahihi mara nyingi, mfumo wowote unamfaa. Mtoto ambaye hajui kitu atapata sifuri kwa mashine na karibu sifuri kwangu. Anayeporwa ni yule wa katikati, aliyeelewa somo kwa sehemu tatu za nne na bado anapoteza alama za kutoa. Hao ndio wengi darasani, na ndio ambao mwalimu akiwashika vizuri wanavuka.

Na mzazi je? Shule zinamtumia mama ujumbe wa asilimia kila Ijumaa. Mama anauza unga sokoni, hakusoma delta, anaamini namba aliyotumiwa na shule. Akiona ishirini na tano kwa mia anajua mtoto wake hasomi, na jioni kunakuwa na maneno makali nyumbani. Kama karatasi ya mtoto ilistahili sabini na tano, mama amedanganywa, na amelipa ada na mega za intaneti ili adanganywe.

Najua ugumu ulipo, na ni kwa walimu wenyewe. Kulipanga swali moja lenye mti wa makosa kunachukua muda kuliko kuandika jibu moja na kwenda. Mwalimu anayekimbia shule mbili kwa siku ili apate chakula cha watoto wake hatafanya kazi hiyo bure, na hapaswi kuombwa aifanye bure. Shule inayopokea pesa za wazazi kwa ajili ya programu itenge sehemu yake imlipe mwalimu kwa saa anazokaa akitunga maswali. Lakini kazi yenyewe si kubwa kama inavyoogopwa. Makosa ya watoto si elfu. Katika milinganyo ya degre ya pili nayajua manne au matano yanayorudi kila mwaka: alama ya c, alama ya b kwenye −b, kugawa kwa a badala ya 2a, kusahau jibu la pili, kukosea kipeuo. Mwalimu yeyote mwenye miaka michache ubaoni anayo kichwani orodha kama hiyo kwa kila somo. Swali likishapangwa, mashine inabadilisha namba, na linatumika mwaka huu na miaka ijayo, kwa shule hata kumi zikikubali kupeana.

Kwa hiyo naomba mambo machache kabla ya muhula ujao. Prefe akae na walimu wake wa matematiki, wafungue programu waliyonunua, waangalie imepangwa kutoa vipi pointi, maana wengi hawajawahi kuangalia. Wauzaji wa programu waulizwe waziwazi kama mashine yao inaweza kufuata kosa la mtoto mpaka mwisho wa hesabu na kama inasoma mkato. Ikishindwa yote mawili, shule itafute nyingine, kwa kuwa za bure zipo. Na mpaka hayo yatengenezwe, watoto waruhusiwe kuleta bruyon zao shuleni, na mwalimu awe na ruhusa ya kurekebisha pointi za mashine kwa mkono pale anapoona haki imepotea. Moodle inamruhusu, shule ndizo zinazomkataza, zikisema namba za kompyuta haziguswi.

Shule itakayotaka kuanza, mimi niko tayari kukaa na walimu wake Jumamosi mchana, bila malipo, tupange pamoja maswali ya mwaka wa kwanza wa humanite. Nitahitaji kompyuta moja, na daftari za bruyon za watoto wao, hata zile zilizochanika.

Mwalimu wa matematiki,
Katuba, Lubumbashi